Na Kama Sumu ni ya Polepole?

Uwase,

Leo huwezi kunikatiza, ndiyo maana naandika. Tangu ulipoanza kusema sijawahi kumaliza maneno matatu mbele yako bila wewe kuinua kidole: "Papa, subiri, hapo umeruka." Bon, karatasi haina kidole. Leo nitaruka nitakavyo, na wewe utasoma mpaka chini, kwa sababu nakujua, kitu chenye makosa huwezi kukiacha nusu.

Salamu tuziache, asubuhi tumekunywa chai ya birika moja. Koti, soksi, dawa za tumbo, pilipili ya chupa, hayo yote mama yako ameyasukuma sandukuni, na ukifungua utaona ameyapanga kwa hasira, soksi zimekunjwa kama ngumi. Mimi sina maagizo. Na Kiswahili changu usikisahihishe. Kinyarwanda ni cha nyumbani, najua, lakini mimi na wewe vita vyetu vyote tumepigana kwa Kiswahili cha mtaa wetu wa Mbugangari, hapa mpakani, chenye Goma nusu ndani yake, na sioni sababu ya kubadilisha silaha siku ya mwisho.

Nimefunga saluni jua likiwa bado juu, jambo ambalo mtaa mzima umelishangaa. Nimekaa kwenye kiti cha wateja na najitazama kwenye kioo. Bado kijana, niseme ukweli wa Mungu. Mvi zipo, lakini zimekaa kwa mpango. Nilikupata nikiwa na miaka kumi na tisa na ndevu saba, na nilipokubeba barabarani watu waliniuliza mama yetu yuko wapi. Jina lako mama yako alitaka liwe Esteri, baba yangu akataka Hawa, wakavutana mpaka wakachoka. Mimi nikaenda kimya kimya ofisini nikakuandikisha Uwase, yaani wa baba yake. Huo ndio mjadala wa dini wa kwanza niliowahi kushinda katika nyumba hii, na wa mwisho.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Tangu Jumapili wewe na mama yako hamsemeshani, na kesho alfajiri unapanda basi la Kigali, na kutoka hapo ndege ya Ubelgiji, ukasome falsafa ya dini mpaka uwe daktari asiyetibu mtu. (Wateja wananiuliza kama ukirudi utaweza kuangalia magoti yao. Nimewaambia utaangalia, bei tutaelewana.) Jumapili baada ya kula mama yako alieleza kesho itakavyokuwa. Kabla hujatoka tutasimama sebuleni, atakuwekea mkono kichwani, ataomba, nawe utaitikia Amina. Wewe ukafuta mdomo ukasema kwa sauti ile unayoitumia darasani:

"Mama, siwezi kusema Amina kwa maneno nisiyojua kama ni kweli. Nitakuwa nakudanganya."

Mama yako aliinuka akaenda kuosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa. Tangu hapo mimi ndiye posta ya nyumba hii. Mwambie mwanao chai iko mezani. Papa, mwambie Mama asante. Na mmekaa meza moja! Juzi nimepeleka chumvi umbali wa mkono mmoja, nikarudisha na majibu.

Mimi sina woga wa ndege. Sina woga wa Wabelgiji, wala wa baridi yao, wala wa vitabu ambavyo vikiniangukia mguuni nitachechemea. Nina woga wa kitu kimoja: uondoke hivi. Mama yako akae na hiyo sahani, wewe ukae na hiyo Amina, na katikati yenu bahari nzima. Na mimi posta yangu haifiki huko.

Nimejiuliza wewe ulijifunza wapi kushinda namna hiyo, kumaliza mtu kwa sentensi mbili, kwa adabu, mpaka anainuka mezani. Nikakumbuka. Ulijifunza hapa, kwenye kiti hiki nilichokalia.

Ilianza kwa bibi yako, Koko Feza. Nitakusimulia ingawa unajua, maana najua unavyoijua: unaijua kama kichekesho, kwa sababu mimi ndiye niliyeisimulia. Ulikuwa na miaka saba. Koko alikuwa bado hajanisamehe kumwoa binti yake, mwimbaji wa kwaya, mimi Muislamu wa Ijumaa na wa pilau, kinyozi niliyeishia nusu ya kila kitu: nusu ya shule, iliyokatika mwaka ule ambao sote tunaujua, na nusu ya madrasa, iliyokatika kwa uvivu tu. Miaka saba alikataa kunipokea. Halafu siku moja akatuma neno tuvuke, twende Goma, atanipa maziwa kama mkwe.

Nilivaa koti la harusi. Tulivuka bariyeri ndogo ya mpakani wewe ukiwa mabegani mwangu, mama yako mbele anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Sebule imejaa wajomba. Koko akaleta kikombe, na kama desturi yetu pande zote mbili za mpaka ilivyo, mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla hajakionja mwenyewe, ili mgeni ajue hakina kitu. Akaonja. Akanipa kwa mikono miwili. Nyumba nzima heshima tupu. Na wewe, kutoka mkekani, kwa sauti safi kama kengele:

"Koko, na kama sumu ni ya polepole?"

Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine wangekupeleka nje. Mjomba mkubwa alikohoa. Mama yako alifunga macho, nadhani alianza kuomba hapo hapo. Mimi nikacheka, nikacheka kwa nguvu kuliko inavyostahili, nikanywa kikombe chote kwa pumzi moja maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Koko alipokea kikombe kitupu, akakitazama ndani, akarudi jikoni.

Tangu siku hiyo nikajua nina kitu nyumbani ambacho hakuna kinyozi mwingine anacho. Nikaanza kukuleta saluni baada ya shule. Ulikuwa unakaa pale kwenye kasha la soda karibu na mlango na madaftari yako, na mteja akikaa tu mimi namwambia, muulize huyu mtoto kitu cha Mungu, au mwache akuulize. Wachungaji walikaa kwenye kiti hiki, askari, wauza nyanya wanaongoja mpaka wa Goma ufunguliwe, masheikh wawili watatu. Shuka shingoni, wembe wangu kwenye sikio, hawawezi kukimbia. Na wewe unawauliza. Kwa nini tunamwambia Mungu mambo anayoyajua? Kama Papa yuko sahihi na Mama yuko sahihi, nani anaenda motoni? Walicheka mpaka nikalazimika kuinua mashine nisiwakate. Ukimfunga mtu mdomo nakununulia Fanta. Nilikuwa najisifu mpaka Rubona, kwa wavuvi ambao hawakuniuliza. Nilisema binti yangu ataenda mbali. Hilo kumbe nilisema kweli, nikasahau kwamba mbali ni mbali hata kwangu.

Sasa yule Mzee Selemani. Wewe humkumbuki vizuri, ulikuwa na miaka kumi. Muadhini wa zamani, sauti ilikuwa imeshamtoka, kila Alhamisi anakuja nimpunguze ndevu kwa ajili ya Ijumaa. Alikuwa mteja wangu bora, alikaa kimya na kulipa kamili. Alhamisi moja akaja amechoka, akakaa, na mimi, mjinga, nikakuita. Ukamuuliza: "Mzee, kama Mungu anajua kesho nitaumia, kwa nini ananiamsha?" Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Akakaa anatazama kioo, na saluni nzima ikalipuka, na mimi wa kwanza, nikapiga kelele kabisa kwamba leo hata muadhini amekosa adhana. Akasubiri nimalize. Akalipa. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Na wewe ulikunywa Fanta yako.

Baadaye nikasikia kwamba wiki ile alikuwa amemzika mwanawe, kule Nyamyumba, ziwa lilimchukua akioga karibu na chemchemi za maji ya moto. Alikuja kwangu kunyolewa kwa sababu hakujua aende wapi.

Hili hukulijua. Nilichelewa kwenda kwake, nilichelewa mpaka aibu ikawa na ndevu. Nilipokwenda nilimkuta anakaa barazani kwake, ndevu zimemfika kifuani, hakuna aliyezigusa tangu siku ile. Nikaanza kuomba radhi kwa ajili yako. Nikasema mtoto ni mdogo, hana adabu, nitamkanya, hataleta tena maswali kama hayo. Mzee akanisimamisha kwa mkono.

"Mtoto aliuliza vizuri," akasema. "Wewe ndiye uliyecheka."

Nilitoa mkasi mfukoni nikampunguza ndevu pale pale barazani. Halafu nikarudi nyumbani nikaacha kukununulia Fanta, na wewe ukadhani nimekuwa bahili. Ningekuambia sababu wakati ule. Lakini ningekuambiaje bila kukutia woga wa kuuliza? Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sikuwa na akili ya kutenganisha swali na kicheko. Nikanyamaza, na wewe ukaendelea kudhani kwamba swali likishanyamazisha mtu, kazi imekwisha.

Donc, hilo ndilo ninalokupa kama ni lazima nikupe kitu. Huko uendako, wataalamu, naambiwa, wanakaa duara wanaulizana maswali. Watakuwapo watu wa kucheka. Hawatacheka kama sisi wa saluni, watacheka kwa pua, kwa adabu, na watakuwa wanamcheka mtu kama mama yako, asiyekuwapo chumbani. Wewe uliza. Uliza mpaka kuta zitoe jasho. Kucheka si lazima.

Lakini mbona nakufundisha, wakati wewe hilo ulishalijua kabla yangu? Nakumbuka mwaka ule mlima wa Goma ulipotema moto. Ulikuwa umemaliza chuo kikuu, umeajiriwa mwalimu msaidizi kwenye chuo kile cha kanisa, koti jipya, kadi ya kazi shingoni, mimi nikiwa nimewatangazia wateja wote kwamba sasa naitwa Baba Profesa. Ardhi ikatikisika siku baada ya siku. Ukuta wetu ukapasuka kutoka dirisha mpaka chini, tukalala nje pamoja na Koko aliyekuwa amevuka na godoro kichwani. Na kila penye uwanja kulikuwa na mtu anahubiri kwamba ni dhambi za watu wa mpakani. Masomo yalipoanza tena, msichana mmoja ambaye nyumba yao ilifunikwa na lava alisimama darasani kwako akauliza, "Mwalimu, mama yangu alikosa nini?"

Wewe ulinisimulia jioni ile ukiwa unamenya viazi, hukuinua macho. Ulimwambia: "Sijui. Na wanaosema wanajua, waulize wamejuaje." Halafu ukakaa naye mpaka basi la mwisho likaondoka, ukarudi kwa pikipiki. Hukucheka, na hakuna aliyecheka. Wewe ulikuwa umeshafika pale ambapo mimi nilifika kwa kusukumwa na Mzee Selemani.

Ile nusu ya pili ndiyo iliyopelekwa kwa wakubwa: waulize wamejuaje. Neno halikai ndani ya kuta nne, mtu akalibeba, ukaitwa, wakataka uahidi kwa mkono wako kwamba darasani utafundisha majibu ya kanisa tu. Ukaomba siku za kufikiri. Na mimi, shujaa wako, nikaamua kukusaidia.

Najua unafunika uso sasa hivi. Funika, mimi naendelea. Koti la harusi tena. Pikipiki mpaka mlangoni. Na kilo mbili za sambaza, vile visamaki vikavu vya Rubona, ndani ya mfuko, kwa sababu mama yangu alinifundisha huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mpole sana, alinipa kiti, akaniambia, na nakuapia, kwamba jambo lako walitaka lipite kimya, wewe ni mwalimu mzuri, vijana wanakupenda. Ningeinuka hapo. Ningesema asante Mchungaji na kuacha sambaza. Badala yake nikasikia sifa, na unanijua nikisikia sifa. Nikamwambia hujaona bado, Mchungaji, huyu tangu ana miaka saba anafunga watu midomo, wachungaji wenzako kibao, mmoja nilimnyoa nusu akaondoka. Hata wewe angekufunga. Yule bwana akatabasamu, akaniuliza kama ndivyo unavyofundishwa nyumbani. Nikajipiga kifua: ndivyo, na mwalimu ni mimi.

Mkataba wako haukurudi. Huenda usingerudi hata hivyo. Lakini ofisi ile nasikia ilinuka sambaza mpaka Pasaka.

Nilipokueleza, nilijitayarisha kwa kilio au kwa matusi. Uliuliza kitu kimoja tu: "Papa, sambaza pia?" Tukacheka mpaka mama yako akaja kutazama. Wewe ukalia baadaye, chumbani. Nilikusikia. Sikugonga, na hilo nalo liweke kwenye hesabu yangu. Ulirudi kufundisha Kifaransa sekondari, watoto sabini darasani, jioni unasoma kwa taa, unatuma makaratasi yako huku na huko, yanarudi. Nilikuwa nayaona yanarudi kwenye uso wako. Nikakuambia fungua kantini. Nakumbuka. Nikakuambia mtu wa kusoma dini bila kuwa padri wala sheikh ni kama kinyozi anayesoma nywele. Ulinijibu kwamba kuna mtu lazima asome nywele, ndiyo maana dawa ya chawa ikapatikana. Ulishinda, kama kawaida.

Halafu jarida likaja. Karatasi yako ndani ya jarida la watu wakubwa, habari ya kuamini neno la mtu mwingine bila kuwa umeona mwenyewe. Ulikaa kwenye kiti hiki ukanifasiria kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikilala kidogo sehemu za Wajerumani. Mpaka ukafika kwenye kikombe. Umemweka Koko pale, na maziwa, na desturi ya kuonja kwanza, na swali la mtoto. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo ya sisimizi: kwamba mfano huu umetoka kwa baba yako, kinyozi. Uwase, mimi niko kwenye kitabu. Niko chini ya ukurasa, lakini niko. Nimewaonyesha wateja mpaka karatasi imeota nywele. Na kwa karatasi hiyo hiyo wale wa Ubelgiji wakakuandikia uje. Yaani kwa njia fulani nauli ya ndege nimelipa mimi, ukifikiri vizuri.

Lakini umemaliza karatasi kwa kusema swali la mtoto halijajibiwa. Nilikuuliza kwa nini hukujibu. Ukasema, "Sijui jibu, Papa." Ukaivaa miwani yako. Nadhani ndiyo siku niliyokupenda kuliko zote, na sikusema.

Sasa rudi nyumbani, leo. Koko Feza amefika asubuhi ukiwa umeenda kuaga shuleni. Amekuja na kidumu cha maziwa amekikumbatia kwenye bariyeri kama mtoto, hakukubali hata mtu wa forodha akiguse. Akakiweka mezani akaniambia kesho atakupa, na safari hii usimuulize kitu, yeye sasa ni mzee. Akacheka na meno yake mawili. Kwa hiyo kile kikombe hakuwahi kukisahau.

Nikamfuata mama yako uani. Alikuwa anapiga pasi nguo yako ya tatu kwa siku moja. Nikamwambia, Mama Uwase, mwachie mtoto hiyo Amina, Mungu wenu na wetu ana Amina nyingi, hatapungukiwa na moja. Nilitaka acheke. Hakucheka. Akasimamisha pasi.

"Sijali Amina," akasema. "We unafikiri miye niko na woga Mungu hatasikia? Mungu anasikia hata mbuzi. Niko na woga mutoto wangu ataenda kule kwote, na kichwa yake haitakuwa imeguswa na mukono ya mutu."

Nguo ikaanza kuungua, akaichukua pasi kwa haraka, ndiyo maana gauni lako la buluu lina alama. Usimuulize.

Umesikia? Wewe unabishana habari ya ukweli wa maneno, yeye anazungumza habari ya mkono. Ungekuwa wewe ndiye unayenyoa watu ungejua kitu ambacho mimi nakijua na sikukifikiria mpaka leo: watu wazima hawaguswi kichwani na mtu. Wanakuja hapa, majitu yenye vyeo, nikiweka kiganja juu ya utosi kuwageuza kidogo, mabega yanashuka yenyewe. Hawaamini chochote kuhusu kiganja changu. Yanashuka tu. Sijui kama hii ni falsafa. Kama si falsafa, ichukue kama nywele.

Basi nimefanya makubaliano bila kukuuliza, kama kawaida yangu, ila safari hii sijabeba sambaza. Mama yako atakuwekea mkono. Ataomba, na utamsikia akimwambia Mungu mambo ambayo kwa kweli anakuambia wewe. Amina tutaitikia sisi, mimi na Koko, yeye kwa kwao na mimi kwa kwetu, na tukipishana sauti utatusamehe. Wewe simama tu. Hutadanganya mtu kwa kusimama.

Kisha maziwa. Nimemwomba Koko aniachie mimi nionje, akabisha, akakubali. Na kwa kuwa hapa huwezi kuinua kidole, nitakujibu swali lako la miaka yote.

Siku ile Goma, aliponipa kikombe, niliifikiria, Uwase. Sumu. Hukuwa wewe peke yako. Mkwe asiyetakiwa, nyumba ngeni, miaka saba ya hasira: mimi nilikuwa nalifikiria kabla hujalisema, ndiyo maana nilicheka kwa nguvu vile. Kuonja kwake hakukunihakikishia kitu, ulikuwa sahihi, ingekuwa ya polepole tungejuaje? Lakini nilimtazama mdomo. Ulikuwa na ukingo mweupe wa maziwa, hakuufuta. Nikaona kwamba yule mama, anayenichukia, ameshaingia. Kama ni ya polepole, basi tumo wote wawili, yeye mbele yangu kidogo. Ndiyo maana nikanywa.

Ulikuwa unalitafuta jibu kwenye hakika. Pengine Koko hakuwa anatoa hakika. Alikuwa anatangulia. Sasa livunjevunje ukifika huko, najua utaweza, na ukilivunja niandikie umelivunjia wapi.

Giza linaingia, nakuja nyumbani kula. Nitakupa karatasi hii mkononi na kuondoka haraka kabla hujaanza kusoma, ili usinione. Kesho utakapotoka chumbani utatukuta tumesimama, mama yako na mkono wake, Koko na kidumu chake, na mimi nimevaa lile koti, bado linanitosha, usibishe. Nikishaonja, sitafuta mdomo.

Papa wako wa chini ya ukurasa